Seli ya nani? Historia ya neno lililozua mjadala katika ploti yetu Mlolongo

Jumamosi moja jioni, jirani yangu katika ploti tunayoishi hapa Mlolongo alinibishia mlango akiwa ameshika karatasi ya hospitali. Mwanawe wa miaka minne alikuwa amelazwa siku tatu kwa maumivu ya mikono na miguu, maumivu yale yale ambayo mara zote zilizotangulia yalidhaniwa kuwa malaria au baridi ya usiku. Safari hii walimpima damu. Karatasi iliandikwa kwa Kiingereza, na maelezo aliyopewa kwa mdomo yalikuwa mafupi mno: "Shida iko kwa seli."

"Mwalimu," akaniambia, "wewe ndiye mtu wa lugha. Hebu nisomee. Seli ni nini hapa?"

Kabla sijajibu, sauti ilitoka upande wa pili wa ua. Ni Susu, mama mwenye ploti, ambaye sote humwita hivyo kwa heshima ya ubibi kama wafanyavyo Wakamba. Alikuwa kwenye kigoda akichambua ndengu. "Nani amelala seli?" akauliza, akiwa tayari kuinuka.

Kosa halikuwa lake. Ukisema seli hapa mjini kwetu, watu huwaza kitu kimoja tu: chumba cha polisi chenye sakafu ya saruji na mlango wa vyuma. Nikafanya haraka kueleza kuwa hakuna aliyekamatwa. Karatasi inataja ugonjwa wa damu ambao kwa Kiswahili sanifu huitwa selimundu. Lo! Nilidhani nimelimaliza jambo, kumbe nimechokoza nyuki. Katika Kikamba, 'mundu' ni mtu. Susu akaweka ungo chini.

"Seli ya mundu? Seli ya mtu? Kwani sisi wengine tuko na za ng'ombe?"

Tulicheka, lakini mama mtoto hakucheka. Aliikunja ile karatasi mara mbili, kisha akauliza kwa sauti ya chini: "Baba yake anasema hii ni damu ya kwetu. Eti ni kweli?"

Msomaji, maswali hayo mawili ndiyo yaliyonipa safu ya leo. La Susu lilikuwa la mzaha na la mama mtoto lilikuwa la uchungu, lakini majibu yake yanatoka katika historia moja: historia ya neno 'seli', na namna lilivyosafiri hadi kwenye ua wetu.

Tuanze na Uingereza mwaka 1665. Mwaka huo Robert Hooke alichapisha kitabu kiitwacho Micrographia, chenye michoro ya vitu alivyovitazama kwa hadubini. Miongoni mwavyo kilikuwa kipande chembamba cha gamba la mti, lile linalotengenezewa vizibo vya chupa. Hooke aliona vijumba vidogo vidogo vilivyopangana, akavifananisha na vyumba vya sega la nyuki. Akavipa jina linalotokana na neno la Kilatini 'cella', yaani chumba kidogo. Neno hilo hilo la Kilatini ndilo lililozaa jina la kijichumba cha mtawa katika nyumba za watawa, na hatimaye chumba cha mahabusu. Kwa hiyo Susu hakukosea sana. Seli ya polisi na seli ya mwili ni ndugu wa tumbo moja. Ni kwamba moja ilisomea sayansi na nyingine ikaajiriwa na serikali.

Lakini tazama kilichofichika ndani ya jina hilo. Alichokiona Hooke ni kuta tu. Gamba lile lilikuwa limekauka na wenye nyumba walikwisha kufa zamani. Jina likatolewa kwa sababu ya ukuta, na ukuta ni mali ya mimea. Seli ya mnyama haina ukuta. Ina utando laini tu. Kama Hooke angeanza na kipande cha nyama badala ya gamba la mti, pengine asingeona chumba chochote, na leo tungekuwa na neno jingine kabisa.

Miaka michache baadaye, katika mji wa Delft huko Uholanzi, mfanyabiashara wa vitambaa aliyeitwa Antonie van Leeuwenhoek alijitengenezea lenzi zenye nguvu kuliko za wasomi wengi wa wakati wake. Mwaka 1674 aliona viumbe hai vidogo mno katika maji ya ziwa, na katika miaka hiyo hiyo akaeleza chembechembe nyekundu za damu. Mwaka 1831 Robert Brown, mtaalamu wa mimea kutoka Uskoti, akichunguza maua ya jamii ya okidi, aliona kidoa katikati ya kila seli akakipa jina ambalo sisi tumelitafsiri kwa neno zuri tulilokuwa nalo tangu jadi: kiini. Anayejua kiini cha yai na kiini cha hoja hahitaji kuelezwa zaidi.

Jibu la Susu lilipatikana Ujerumani mwaka 1838 na 1839. Matthias Schleiden, aliyechunguza mimea, alisema kila mmea umejengwa kwa seli. Theodor Schwann, aliyechunguza wanyama, alikuta viini vile vile katika tishu zao, akatangaza kuwa wanyama nao wamejengwa kwa seli. Kabla ya hapo mti na mbuzi vilihesabiwa kuwa viumbe vya asili mbili tofauti kabisa. Baada ya hapo ilionekana kuwa matofali ni ya aina moja, ramani za nyumba ndizo zinazotofautiana.

Kwa hiyo, Susu, ndiyo: una seli zinazofanana sana na za ng'ombe. Hata na za sukuma wiki.

Nilimweleza hivyo jioni ile ile, na kwa kuwa hakuna hadubini katika ploti yetu, nilitumia vitu vinavyoonekana. Mama mboga aliye kando ya barabara hunyunyizia sukuma wiki maji kila baada ya muda. Yakikosekana, majani hulegea. Yakipatikana mapema, husimama tena. Kwa nini? Ndani ya seli ya mmea mna mfuko mkubwa wa maji uitwao vakuoli. Ukijaa, husukuma vilivyomo hadi vikaubana ukuta mgumu wa seli uliotengenezwa kwa selulosi, nayo seli husimama kidete kama tairi lililojazwa upepo. Mmea hauna mifupa. Maji na kuta ndiyo mifupa yake. Mwili wa ng'ombe unayo mifupa, misuli na miguu ya kutembelea, kwa hivyo seli zake zimeridhika na utando, nao huziachia kubadili umbo na kupinda.

Tofauti ya pili ni jiko. Jani lina kloroplasti, vijumba vyenye rangi ya kijani ambayo wanaistilahi wetu waliiita umbijani. Humo mwanga wa jua, maji na hewa ya kaboni dayoksaidi hugeuzwa kuwa chakula, kazi iitwayo usanisinuru. Mnyama hana jiko hilo. Ndiyo maana ng'ombe hufuata majani, na sisi tukawafuata ng'ombe na majani pia.

Yaliyobaki tunashirikiana. Utando ndio mlinzi wa langoni: huamua nini kiingie na nini kitoke. Sitoplazimu ni ute unaojaza seli, na humo kazi nyingi hufanyika. Mitokondria hukitumia chakula kwa msaada wa oksijeni na kutoa nishati. Kiini hutunza maelekezo ya urithi, yaani ile hati inayosema mtoto atakuwa na macho ya nani na damu ya namna gani. Maelekezo hayo huja nusu kutoka kwa mama na nusu kutoka kwa baba. Niliposema hivyo nilimwona mama mtoto akiinua uso.

Kabla sijamfikia yeye, niruhusu nirudi kidogo kwenye lugha. Mwaka 1855 Mjerumani mwingine, Rudolf Virchow, alieneza kanuni kwamba kila seli huzaliwa na seli iliyoitangulia, jambo ambalo mwenzake Robert Remak alikwisha kulionyesha. Virchow alikuwa daktari na pia mwanasiasa, naye alipenda kuufananisha mwili na dola ambayo kila seli ni raia wake. Karne moja baadaye mfano huo ulipinduliwa nyuma mbele hapa Afrika Mashariki. TANU ilipojipanga kwa vikundi vya nyumba kumi kumi katika miaka ya 1960, maandishi ya Kiingereza yaliviita seli, lakini Kiswahili kilikataa kukopa. Kiliviita mashina, na kiongozi wake akawa balozi wa nyumba kumi. Kenya ilipoanzisha Nyumba Kumi yake mwaka 2013, nayo haikuhitaji neno hilo la kigeni.

Tazama basi busara ya lugha. Neno moja la Kiingereza limepewa nyumba mbalimbali kwa Kiswahili. La siasa likawa shina. La simu likawa simu ya mkono. La polisi likabaki seli. La biolojia likagawanyika mara mbili: wengine husema seli, wengine husema chembe hai. Chembe ni neno letu la asili, tunalolitumia kwa punje ya mchanga au ya mtama. Lilipoongezwa 'hai' likapata uhai kwelikweli. Hadi leo Mkenya asiyewahi kulisikia neno seli kwa maana ya kisayansi atakuambia bila kusita kuhusu 'chembechembe nyeupe' zinazopigana na maradhi.

Maneno haya hayakuanguka kama mvua. Mwaka 1930 iliundwa kamati ya lugha ya kusanifisha Kiswahili kwa Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Kazi yake kubwa ilikuwa vitabu vya shule na tahajia. Uundaji wa istilahi za sayansi ulishika kasi baada ya uhuru, hasa Tanzania, ambako mwaka 1967 Bunge liliunda BAKITA, na ambako Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia katika shule za msingi. Mtoto akifundishwa sayansi kwa Kiswahili, mwalimu hawezi kusubiri. Lazima maneno yapatikane. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iliyakusanya mengi katika Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia iliyotoka mwaka 1990.

Kenya tulishika njia nyingine. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, Kiswahili kilifanywa somo la lazima na la kutahiniwa. Hilo lilikuwa jambo kubwa. Lakini sayansi ilibaki kwa Kiingereza. Matokeo yake ni kwamba Mkenya aliyepata alama nzuri za Kiswahili anaweza kukuambia ngeli ya neno 'seli', asiweze kukuambia kazi ya utando wake kwa lugha hiyo hiyo. Naye aliyefaulu biolojia hufaulu kwa Kiingereza, kisha akiwa muuguzi au daktari mbele ya mama aliyesoma hadi darasa la sita, hukwama. Husema, "Shida iko kwa seli," kisha humwita mgonjwa anayefuata.

Simlaumu mtu mmoja. Nasema tu kwamba pengo hilo lina historia, na gharama yake hulipwa na watu kama jirani yangu.

Pia si kila neno linaloundwa huishi. Tulibuni 'tarakilishi', na Tanzania wakabuni 'ngamizi', lakini wanaotengeneza mashine hizo kwenye vibanda hapa Mlolongo wote husema kompyuta. Tarakilishi imebaki kwenye insha. Neno huishi likipata watu wa kulihitaji. Je, selimundu limepata?

Hapo sasa ndipo tulipo kwenye damu. Chembechembe nyekundu ya damu ni seli ya ajabu. Ikikomaa, kwa binadamu, huwa imekitoa kiini chake nje ili ipate nafasi ya kubeba himoglobini, ile protini inayochukua oksijeni mapafuni na kuisambaza mwilini. Ina umbo la sahani iliyobonyea katikati, na upana wake ni kama sehemu saba hadi nane katika elfu moja ya milimita. Huwa laini, hujikunja na kupenya kwenye mishipa myembamba kuliko yenyewe. Huishi takriban siku 120.

Mwaka 1910 daktari James Herrick wa Chicago alichapisha habari za kijana kutoka Grenada, Walter Clement Noel, aliyekuwa akisomea udaktari wa meno. Katika damu yake zilionekana seli zilizojipinda kama chombo cha kuvunia nafaka. Kiingereza kikazipa jina la chombo hicho. Kiswahili nacho, kilipotaka jina lake, kilichukua 'seli' ya kukopa na 'mundu' wa kwetu, yaani kile kisu kilichopinda cha kukatia nyasi na kuvunia mpunga, vikaunganishwa: selimundu.

Mwaka 1949 ulikuwa wa mavuno. Linus Pauling na wenzake, Marekani, walionyesha kuwa himoglobini ya wagonjwa hawa ni tofauti na ya wengine. James Neel, pia Marekani, alionyesha kuwa ugonjwa hurithiwa kutoka kwa wazazi wote wawili. Na miaka ya 1956 na 1957, Vernon Ingram akiwa Cambridge aligundua kuwa tofauti yenyewe ni ndogo ajabu. Katika mnyororo wa himoglobini wenye asidi amino 146, moja tu imebadilika, ile ya sita. Sisi watu wa lugha tunalielewa hilo upesi. Chukua 'dua', badilisha herufi moja, unapata 'doa'. Neno zima limegeuka kwa sauti moja. Himoglobini hiyo, ikishatoa oksijeni, hushikamana na kufanya nyuzi ngumu, nayo seli hupinda ikawa kama mundu. Badala ya siku 120, huishi kati ya 10 na 20 hivi. Ndiyo maana mtoto hupungukiwa damu.

Na maumivu je? Kwa hilo sikuhitaji kitabu. Inasimuliwa kuwa mji wetu ulipata jina kutokana na foleni za malori yanayosubiri mizani hapa barabara ya Mombasa. Kila mkazi wa Mlolongo anajua lori moja likikwama vibaya hutokea nini nyuma yake. Seli iliyopinda na kukakamaa hukwama katika mshipa mwembamba, nyingine hukwama nyuma yake, oksijeni haifiki mbele, na mfupa au kiungo kikikosa oksijeni huuma. Mama mtoto alisikiliza hayo, akasema, "Kumbe ndio maana hulia akishika mguu, na mguu hauna jeraha." Nikamwambia ndiyo.

Sehemu ya mwisho ya historia hii ilitokea nchini mwetu. Anthony Allison alizaliwa Afrika Kusini akakulia Kenya. Mwaka 1949, akiwa mwanafunzi Oxford, alijiunga na msafara wa chuo hicho uliokuja Mlima Kenya, akachukua sampuli za damu kwa watu wa sehemu mbalimbali za nchi. Akaona jambo la kushangaza. Pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, zaidi ya watu 20 katika kila 100 wa baadhi ya jamii walikuwa na chembe ya urithi ya selimundu. Nyanda za juu hawakufika hata mmoja katika 100. Allison alijiuliza: kama jambo hili huleta maradhi, mbona limeenea sana huko na si kwingine? Pwani na ziwani kuna nini ambacho nyanda za juu hakuna? Jibu lilikuwa mbu.

Alirudi mwaka 1953, na mwaka 1954 akachapisha matokeo yake. Miongoni mwake ni jaribio la wanaume 30 Wajaluo waliojitolea kuambukizwa malaria. Kumi na watano walikuwa na chembe ya urithi ya selimundu kutoka kwa mzazi mmoja, kumi na watano hawakuwa nayo. Kati ya wale wasiokuwa nayo, 14 walionekana na vimelea vya malaria katika damu. Kati ya waliokuwa nayo, ni wawili tu. Sisi tunaohangaikia maneno hatuwezi kuisoma hesabu hiyo bila kuuliza watu hao waliombwa ridhaa kwa maneno gani. Lakini kwa miili yao walitufundisha jambo lisilosahaulika: aliyerithi kutoka kwa mzazi mmoja si mgonjwa wa selimundu, na amekingwa kwa kiasi fulani dhidi ya malaria kali. Kinga hiyo ndiyo iliyowawezesha mababu wengi kuishi utotoni na kupata watoto. Shida huja pale wazazi wote wawili wanapoibeba. Hapo katika kila mimba kuna uwezekano wa moja kwa nne kwamba mtoto atarithi pande zote mbili na kuugua.

Jirani yangu na mumewe wote asili yao ni magharibi, si mbali na ziwa.

Jumapili iliyofuata mumewe alikuja naye. Alikaa ukingoni mwa kiti kama mtu aliyeitwa na mkuu wa shule. Sikumhubiria. Nilimwonyesha tu yale niliyokwisha kuyaeleza: kiini, nusu ya mama, nusu ya baba. Nikamwambia hakuna 'damu ya kwenu' peke yake inayoweza kumletea mtoto ugonjwa huu; zinahitajika mbili. Na kwamba waliotupa damu hizo walikuwa watu waliopita salama kwenye nchi ya mbu. Alinyamaza kitambo. Kisha akauliza, "Kwa hivyo na mimi napaswa kupimwa?" Mkewe ndiye aliyejibu, "Twende wote." Nikawasisitizia kwamba mwongozo wa dawa na kliniki ni wa daktari, si wa mwalimu wa Kiswahili, na kwamba safari hii wakifika huko waulize hadi waelewe.

Limebaki suala la jina. Wapo watakaosema kuwa ikiwa selimundu linawachanganya wasemaji wa Kikamba, na pia wa Kikuyu ambao nao mtu kwao ni 'mundu', basi tuseme 'siko seli' kama wengi wanavyosema mitaani. Siafiki. 'Siko seli' halimwambii mtu chochote. Mwenye masihara atalisikia kama mtu anayeapa kuwa hayuko rumande. Selimundu linachora picha. Tanzania limeshazoeleka katika kliniki na redioni, na kila tarehe 19 Juni, siku ya kimataifa ya ugonjwa huu, hutajwa bila kutafsiriwa. Tunachohitaji ni kulifundisha pamoja na picha yake, na kumwambia msikilizaji wa Machakos mapema kuwa mundu huyu si yule.

Nililijaribu hilo kwa Susu. Nilimweleza kuwa mundu wa Kiswahili ni kile kisu kilichopinda. Akaingia nyuma ya nyumba, akatoka na chuma chake cha kukatia nyasi za mbuzi, kimeliwa na kutu kwenye mpini lakini makali yake bado yapo. Akakiinua mbele ya mama mtoto, akakigeuza ili mpindo uonekane. "Ni hii?"

"Ndiyo, Susu," nikasema.

Mama mtoto alikitazama kwa muda. Kisha alifungua daftari la kliniki la mwanawe, na chini ya yale maneno ya Kiingereza akaandika polepole kwa kalamu ya bluu: Selimundu. Ya baba na ya mama.